Mgeni wa Meza ya Dirishani

Mambo yalianza na chumvi.

Tarsis, dereva wa lori la mbao ambaye kila Jumanne alisimama Makambako kula kabla ya kushika barabara ya Dar, alisukuma bakuli lake pembeni na kumwita mwenye mgahawa. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikula kwanza, maneno baadaye. "Dada Esnath," akasema kwa sauti ya chini ili asimwaibishe mbele ya wateja, "leo umesahau chumvi."

Esnath akacheka. Chumvi alikuwa ameitia kwa mkono wake mwenyewe, na tangawizi, na kitunguu saumu, na mifupa ya ng'ombe ilikuwa motoni tangu alfajiri. Akachukua kijiko, akaonja. Tambi zilikuwa laini, nyama imeiva, mvuke unapanda, lakini mdomoni hapakuwa na kitu. Huu haukuwa uchapwa wa mpishi msahaulifu. Ilikuwa kama kutafuna kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya moto. Akakimbilia jikoni, akaonja supu kwenye sufuria, akaikuta tamu, na chumvi yake yote imo.

Akamjazia Tarsis bakuli jingine na kumhamishia meza ya karibu na mlango.

"Kwani pale dirishani kuna nini?" Tarsis akauliza kwa utani.

"Pana baridi," akadakia Elina, mhudumu, mwanamke wa makamo ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Kaa huku na watu wenzako."

Mgahawa wenyewe uliitwa Tambi Moto, na ulikuwa hatua chache kutoka stendi. Esnath alipoufungua mwezi wa pili, mji mzima ulimcheka. Tambi walizozijua watu wa Makambako ni zile za sukari na nazi, chakula cha wageni na sikukuu. Tambi ndefu za supu, zenye nyama, sukumawiki na pilipili, zinazofyonzwa kwa kelele? Wakasema huyu dada kasoma mpaka kapitiliza. Lakini baridi ya kule haibishani na mtu. Ulipofika mwezi wa tano, ukungu ukawa unalala juu ya reli mpaka saa nne asubuhi, na wale wale waliocheka wakawa wanapanga foleni, koti juu ya koti, wanapuliza viganja.

Tambi hizo alizijulia Malaysia. Alikwenda kusomea mambo ya hoteli, miaka miwili, katika mji wa Ipoh, na kila jioni alifanya kazi kwenye kibanda cha mama mmoja wa Kichina, Mama Leong. Esnath aliupenda mji ule, wala hakuona haya kusema. Aliupenda kwa sababu watu wake walikula nje, barabarani, mafundi magari kwa makarani, bega kwa bega kwenye meza za plastiki, makarai yakilia, pikipiki zikipita karibu kabisa na viwiko vyao. Mgeni asiye na ndugu angeweza kukaa pale na bakuli lake akajiona ana kwao.

Binti yake, Jasmine, alikuwa amemwacha kwa bibi yake kijijini Kichiwa, mtoto ana miaka mitano. Bibi akamlea sawasawa. Esnath aliporudi alimkuta mtoto anayepokea kitu kwa mikono miwili, anayeamkia kila mtu njiani, asiyemwacha mkubwa bila jibu. Watu walimsifu, na Esnath akavimba kichwa, kama mama yeyote.

Siku tatu baada ya chumvi ya Tarsis, ikawa zamu ya vijiti. Esnath alikuwa amerudi na jozi moja ya vijiti vya kulia tambi, akavitundika ukutani viwe pambo. Mchana wa Ijumaa, wateja wakiwa wamejaa, aligeuka akaviona kwenye meza ya dirishani, vimesimama wima katikati ya bakuli lililojaa. Hapakuwa na mtu amekaa pale. Bakuli lilikuwa la baridi kama limelala nje.

"Nani kapeleka hili?" akamuuliza Elina.

"Mimi sijapeleka. Nilidhani wewe." Elina akavichomoa vijiti, akainusa ile supu, akakunja uso. "Dada, mbona inanuka karatasi iliyoungua?"

Kweli ilinuka. Karatasi iliyoungua, na chini ya karatasi, udi. Esnath aliijua harufu hiyo, na maana ya vijiti vile pia, kwa sababu Mama Leong aliwahi kumchapa vidoleni kwa kijiko siku alipovisimamisha vijiti hivyo hivyo katika wali. Mama yule hakuwa na Kiingereza kingi, lakini hilo alilieleza vizuri. Hivyo ndivyo wafu wanavyoandaliwa chakula.

Kuanzia hapo meza ya dirishani ikasusiwa. Hakuna aliyewaambia wateja kitu. Walikuja wenyewe, wakaitazama, wakaenda kubanana upande wa pili. Kila asubuhi chini ya meza hiyo palikuwa na maji kidogo, na Elina aliyafuta huku akilaumu bati, ingawa mvua zilikuwa zimekata wiki mbili. Aliyeipenda meza hiyo alikuwa mmoja tu. Jasmine akitoka shule, saa saba na nusu, alitupa begi na kukaa pale pale kula.

Na alikula! Bakuli la kwanza, la pili, la tatu. Mwanzoni Esnath alifurahi, akasema mtoto anakua. Wiki ya pili aliona sketi ya shule imefungwa kwa pini. Wiki ya tatu, akimwogesha, aliweza kuhesabu mbavu zake zote bila kuzigusa. Hospitalini wakampima malaria, minyoo, sukari na damu, hawakuona kitu. Mtoto alikuwa akila kuliko dereva wa lori na alikuwa akiisha. Esnath alianza kuogopa hapo, hofu ya kweli, ile inayomwamsha mama ili aweke kiganja mbele ya pua ya mwanawe.

Jumatatu moja mchana, akiwa jikoni, alimsikia Jasmine akiongea. Akatega sikio. "Chukua na nyama, bibi. Mimi nitaongezwa."

Esnath akatoka taratibu. Mtoto alikuwa peke yake. Lakini kiti cha mbele yake kilikuwa kimevutwa nyuma, nafasi ya mtu kukaa.

"Jasmine, unaongea na nani?"

"Na bibi. Nilimkaribisha."

"Bibi gani, mwanangu?"

"Huyu." Jasmine akaelekeza kwa kidevu, maana kumnyooshea mkubwa kidole si adabu. "Nguo yake imelowa chini. Na miguu imechubuka, mama, mpaka nyama inaonekana. Anasema ametembea sana. Anasema wewe ndiye uliyemwita."

Hapo Esnath akakumbuka kila kitu.

Ilikuwa Ipoh, mwezi wa nane mwaka uliopita. Wachina wa kule wana mwezi ambao, wanavyoamini, wafu hufunguliwa kuja kutembea duniani wakiwa na njaa, na watu huwafanyia sherehe hadharani ili wapite kwa amani. Jukwaa lilikuwa limesimamishwa katikati ya barabara, waimbaji wamepaka nyuso rangi, ngoma na matoazi, udi unafuka, karatasi zinachomwa kando ya lami. Viti vya safu ya mbele, vyekundu, vilikuwa vitupu, vimeachiwa wafu, na umati mzima ulisimama nyuma yake bila mtu hata mmoja kuvikalia. Esnath alikuwa amechoka. Akachukua bakuli lake, akaketi kwenye ukingo wa barabara nyuma ya jukwaa. Alipoinua macho, bibi mmoja alikuwa amesimama mbele yake, peku, upindo wa nguo umelowa, anatazama tambi. Hatazami kitu kingine.

Sasa, kwao Kichiwa mtu hali huku anatazamwa. Ukiwa na chakula mkononi na mtu akapita, utasema karibu, hata kama kiazi ni kimoja. Naye atasema asante, nimeshiba, hata kama tumbo lake linanguruma. Wote wawili wanajua. Karibu ni adabu, asante ni adabu, na kiazi kinabaki kwa mwenyewe. Neno lilimtoka Esnath kabla hajafikiri, kwa Kiswahili, katika mji ambao hakuna aliyekijua.

"Karibu, bibi."

Yule bibi hakusema asante, nimeshiba. Alitabasamu, akainamisha kichwa, kama mtu aliyekubali. Esnath alipomsimulia Mama Leong, mama yule alimpokonya bakuli, akalitupa jalalani likiwa na chakula chake, na kesho yake kibanda kilikuwa na mpishi mwingine. Esnath alilia kwa uchungu wa kuonewa. Hakuelewa. Sasa alihesabu kwa vidole, mwezi wa nane mpaka wa tano, miezi tisa, akaelewa kwamba kuna mtu alikuwa ametembea miezi yote tisa kufuata neno moja.

Elina, alipoambiwa, alijaribu utani wake wa kawaida. "Si mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe?" Lakini safari hii hakucheka mwenyewe.

Walimwita mchungaji wa usharika. Alikuja mchana wa Jumatano na wazee wawili wa kanisa, wakafunga mlango, wakaimba, wakasimama kuizunguka meza ya dirishani na kuomba kwa nguvu mpaka jasho likawatoka katika baridi ile. Mchungaji akamaliza. Wakaitika wote, Amina. Kisha, kutoka kwenye kiti kilichovutwa nyuma, sauti ya kike iliyokauka ikaitika na yenyewe, taratibu, kama mtu anayejifunza lugha ya watu.

"Amina."

Mzee mmoja alivunja kitasa akitoka. Mchungaji hakukimbia, na hilo asinyimwe. Lakini alimshika Esnath mkono nje na kumwambia ukweli. "Mama Jasmine, sisi tunajua kumfukuza aliyevamia. Huyu ana haki fulani humu ndani, na sijui ni haki gani."

Aliyejua alikuwa anaishi Lupembe, kwenye mashamba ya chai. Jina lake Bibi Idda, Mkatoliki, mjane, mchuma chai ambaye watu walimfuata kwa mambo wasiyoyasema kanisani. Esnath alimkuta kwenye kituo cha majani, ameketi juu ya gunia lake, anasubiri lori la kiwanda.

"Kamwene," akamwamkia.

"Kamwene, mwanangu. Eleza upesi, lori likija mimi ni wa kwanza kupima."

Esnath akaeleza. Bibi Idda hakurusha kete wala kuwasha kitu. Alimsikiliza akichambua majani makavu kwenye gunia, kisha akauliza swali moja. "Tangu afike, mmewahi kumuaga?"

"Kumuaga? Bibi, mimi nataka atoke!"

"Ndilo kosa lenu. Mnamwombea, mnamfukuza. Mgeni uliyemwita kwa mdomo wako hafukuzwi. Atang'ang'ania, na haki ni yake." Akatupa jani. "Mgeni husindikizwa. Mfungie chakula cha njiani. Mwambie, bibi, tumefurahi, jua linakwenda. Tangulia mbele, umbebee mzigo, utembee hadi yeye mwenyewe akuambie rudi. Usimwache njiani kabla hajasema."

"Ni hayo tu?"

"Siyo hayo tu. Mgeni mwenye adabu hakosi kumkaribisha mwenyeji wake. Atakwambia, karibuni na kwetu. Hapo ufunge mdomo. Usiseme asante, usiseme haya, usigune. Wewe ulimwita mara moja na umeona alivyokuja. Akikuita yeye ukaitika, utakwenda."

Lori likapiga honi juu ya kilima, na Bibi Idda akainuka na gunia lake.

Jumatano iliyofuata, saa nane mchana, ukungu ulikuwa umerudi kabla ya wakati na kuifunika stendi. Jasmine alikuwa ameketi mezani kwake, amevaa sweta, shingo imekuwa nyembamba, macho makubwa. Esnath hakumwambia kitu. Alisema moyoni, mtoto ameteseka vya kutosha, kwa nini nimtishe? Aliingia jikoni, akajaza tambi kwenye kontena, akaweka viazi na unga wa ulezi, akavifunga ndani ya kitenge pamoja na vile vijiti, akamwambia Elina amwangalie mtoto na asitoke. Kisha akasimama mbele ya meza ya dirishani na kukiambia kiti kitupu, kwa sauti aliyoilazimisha, "Bibi, tumefurahi kukuona. Jua linakwenda. Ngoja nikusindikize."

Kiti kikasogea.

Alitangulia. Alipita stendi, alipita wauza viazi waliojifunika mablanketi, na watu walimsalimia yeye wakakwepa nyuma yake bila kujua wanakwepa nini. Akashika barabara ya kuelekea Njombe, nyumba zikapungua, zikaisha, ikabaki miti mirefu ya milingoti pande mbili na ukungu katikati. Nyuma yake alisikia miguu, peku, yenye maji, pa, pa, juu ya lami kavu, na kila alipopunguza mwendo ilipungua, na kila alipoongeza iliongeza, na harufu ya udi ikamfikia begani na kumpita mbele hadi akawa anatembea ndani yake, na mzigo kichwani ukaanza kuwa mzito, mzito kuliko viazi na unga, mzito kama mtu, hadi shingo ikamwuma, na alitaka kuutupa akimbie na alijua kwamba akiutupa Jasmine hataimaliza wiki, kwa hiyo akatembea, akihesabu milingoti, akiusahau wimbo wa kanisani katikati ya mstari na kuuanza tena, akitembea, mpaka akasikia pumzi baridi karibu na sikio, pumzi ya mtu aliyeinama amwambie jambo la siri.

"Inatosha, mama Jasmine. Rudi."

Mzigo ukawa mwepesi. Esnath akautua kando ya barabara bila kugeuka.

"Umenilisha vizuri," sauti ikasema. Ilikuwa na lafudhi ya Kichiwa sasa, lafudhi ya mama yake mzazi. "Kamwene, mwanangu. Karibuni na kwetu."

Neno lilimpanda kooni lenyewe. Miaka thelathini na moja alikuwa amelijibu neno hilo, kila mlango, kila njia, kila jirani. Ulimi ulikwishainuka. Asante, tutakuja. Esnath akauma ulimi. Aliuuma hadi meno yakakutana na damu ikajaa mdomoni, na damu ilikuwa na chumvi. Alisimama hivyo, kimya, machozi yakimtoka, mpaka miguu ile ikampita na kuendelea mbele, pa, pa, ikapotea ukunguni.

Alirudi akikimbia. Mgahawani Elina alikuwa amekaa na mtoto, na meza ya dirishani ilikuwa na harufu ya supu tu. Esnath akachota kijiko cha bakuli la Jasmine. Chumvi! Na tangawizi, na kitunguu saumu, na pilipili iliyomchoma jeraha la ulimi mpaka akapiga kelele za furaha. Elina naye akaonja, akaanza kucheza katikati ya meza na kitambaa cha kufutia mkononi. Jasmine akala bakuli moja, akaacha tambi kidogo chini, akasema neno ambalo hakulisema mwezi mzima.

"Nimeshiba."

Esnath akamkumbatia, akalia kwenye nywele zake. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akamshukuru na Bibi Idda. Mashavu ya mtoto yalikuwa tayari yana joto.

"Bibi amekwenda kwao?" Jasmine akauliza.

"Amekwenda, mwanangu. Hatarudi tena."

"Najua. Aliniaga." Mtoto alikuwa akilamba kijiko. "Ulipokuwa jikoni unamfungia chakula. Alinishika kichwa, akasema, karibuni na kwetu."

Elina akaacha kucheza.

"Na wewe," Esnath akasema, na ulimi uliojeruhiwa haukutaka kuyatamka maneno, "ukamjibu nini?"

Jasmine alimshangaa. Yeye ni mtoto aliyelelewa. "Nilimjibu vizuri, mama. Nilisema asante bibi, tutakuja. Akaniuliza lini. Nikamwambia, shule zikifungwa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Shule zilikuwa zinafungwa Ijumaa.

"Amesema tusivae viatu vya shule," Jasmine akaendelea, akiteremka kwenye kiti chake na kukirudisha mezani taratibu, na kile cha mbele yake pia. "Ni mbali, na tutakwenda kwa miguu."